Kiti cha Dereva

Mzee wangu alipotaka kuuza gari, mnunuzi wa kwanza hakufungua hata boneti. Alifungua mlango wa dereva, akaangalia kiti, akasema, "Huyu ng'ombe amechoka." Akapunguza shilingi 40,000 hapo hapo. Mzee akanyamaza. Mimi ndiye niliropoka: "Rudi baada ya wiki mbili, boss."

Sikujua chochote kuhusu ngozi. Jumamosi nikachukua rangi nyeusi ya viatu nikapaka kiti chote. Kiling'aa vibaya sana. Jumapili Mzee akaenda kanisani na suruali ya kijivu, akarudi nyuma yote nyeusi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mzee aliuliza tu, "Sasa mimi ni kiatu?"

Hapo ndipo nilianza kusoma. Ngozi nyingi za gari huja zimepakwa rangi, na juu yake kuna utando mwembamba wa kinga. Kinachopasuka kwanza ni hiyo rangi na utando wake. Ngozi yenyewe mara nyingi bado iko sawa chini. Rangi ya viatu haiingii ndani. Inakaa juu ikingoja suruali yako. Na angalieni vizuri, magari mengi yanayoitwa ya ngozi yana ngozi pale unapokalia tu, pembeni ni plastiki.

Wengi wenu mtasema si ununue tu vifuniko vya viti. Zii. Kifuniko ni kuficha, na mchanga ukiingia chini yake unaendelea kusaga ngozi polepole.

Nikaanza upya. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, brashi laini. Maji yalitoka rangi ya kahawa. Kisha spiriti ya duka la dawa kwenye kitambaa, kutoa mafuta yote pamoja na ule ujinga wangu. Halafu msasa namba 600.

Hapo kwa msasa nilikaa sana. Palipoisha kabisa ni ukingo wa kulia, pale Mzee amekuwa akijiburuta akishuka tangu 2013. Gari lilikuwa teksi. Saa kumi alfajiri alikuwa njiani kupeleka watu uwanja wa ndege, na hiyo pesa ilikuwa karo yangu ya chuo. Chuo nilichoacha mwaka wa pili. Hiyo stori hatujawahi kuiongea vizuri. Nilisugua mpaka kidole hakisikii tena kingo za nyufa.

Nyufa kubwa niliziba na dawa yake, kidogo kidogo, kila safu ikauke kwanza. Kisha rangi ya ngozi kwa sponji, safu 5 nyembamba. Hapa ndipo sisi huharibu: tunataka safu moja nene, tupige picha, tupost. Safu nene hupasuka. Mwisho utando wa kinga, na gari likalala vioo vikiwa wazi kidogo.

Nilitumia shilingi 4,500. Mnunuzi akarudi, akakaa, akapapasa kiti, hakusema neno. Alikata 10,000 na kusingizia matairi.

Gari likaenda. Mzee akabaki amesimama getini muda mrefu kidogo, kisha akaniuliza ile rangi iliyobaki niliweka wapi.

"Iko ndani. Kwa nini?"

"Kuna jirani ana kiti kama kile. Nimemwambia utapitia kesho."

Halafu akaongeza, akiwa ameshaanza kurudi ndani: "Lakini usimwambie mambo ya rangi ya viatu."