Mbachao na Msala wa Angani

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hunijia kila nisikiapo mjadala wa Wamarekani kuhusu kuistaafisha ndege ya A-10 na kuiweka F-35 mahali pake.

A-10 iliruka mara ya kwanza mwaka 1972. Haina sura nzuri wala kasi. Ilibuniwa kuwasaidia askari wa miguu kwa kupiga vifaru kutoka karibu. Mzinga wake wa milimita 30 hubeba risasi zaidi ya elfu moja, na rubani amezungukwa na kinga ya titani. Mwaka 2003 ndege ya rubani Kim Campbell ilipigwa juu ya Baghdad, mitambo ya haidroliki ikafa, naye akairudisha kambini salama bila mitambo hiyo.

F-35A imejengwa kwa fikra nyingine. Umbo lake na rangi yake hupunguza mwangwi wa rada, silaha hufichwa tumboni, na vihisio humwonesha rubani adui angali mbali. Mzinga wake wa milimita 25 una risasi zipatazo 180 tu.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaoziita ndege za aina hii "zisizoonekana". Rada huziona, ila zikiwa zimeshakaribia. Machi 1999, ndege ya F-117 ilitunguliwa Serbia kwa kombora la S-125, silaha iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tukitafsiri ovyo, tunampa msomaji imani ambayo hata rubani mwenyewe hana. Ningependelea "ndege ngumu kuonekana".

Hata hivyo, sikubali kwamba cha kale ni bora siku zote. Mbele ya makombora ya kisasa, A-10 na mwendo wake wa taratibu ingeangushwa kabla ya kumfikia kifaru wa kwanza. F-35 ingepenya. Lakini mahali ambapo adui hana makombora hayo, askari aliyebanwa handakini anahitaji ndege itakayozunguka juu yake kwa muda mrefu, ikishuka na kupiga tena na tena.

Kwa hiyo nionavyo, msala mpya haujachukua nafasi ya mbachao. Umetandikwa katika chumba kingine, na anayeamua kuutupa mbachao aulizwe kwanza: yule wa handakini atalalia nini?