Majina ya Pumzi

Panapozungumzwa utamaduni wa taifa, aghalabu hutajwa ngoma, mashairi, mavazi na michezo ya jadi. Mapafu hayatajwi. Hata hivyo sisi tunaamini kwamba namna watu wanavyoitaja miili yao, na hasa namna wanavyoyataja maradhi yao, ni sehemu ya utamaduni wao sawasawa na ngoma yoyote. Tofauti ni kwamba aliyekosea ngoma huchekwa tu, ilhali aliyekosea jina la ugonjwa huenda akazikwa. Kwa hiyo tunamwomba msomaji atuvumilie tukiyapitia baadhi ya majina ambayo Kiswahili kimeyapa pumzi, njia zake na magonjwa yake.

Neno pumzi lenyewe lina ndugu wengi. Kuna kupumua, kuna kupumzika, yaani kuiacha pumzi irudi mahali pake, na kuna pumu, ugonjwa unaomnyima mtu kile kile kinachotajwa na ndugu zake. Hata neno nafasi, ambalo twalitumia kila siku bila ya kulifikiri, lilitoka katika shina la Kiarabu lililotupatia pia nafsi na kutanafusi. Basi asemaye kwamba hana nafasi anasema, tukiufuata mzizi wa neno, kwamba hana pa kuvutia pumzi. Vitenzi navyo ni vingi: apandaye mlima huhema, aliyekimbizwa hutweta, aliyelala vibaya hukoroma, aliyefarijika hushusha pumzi, na mwenye kufikwa na mwisho wake hukata roho. Lugha yenye utajiri wa namna hii haiwezi kuambiwa kwamba haina maneno ya uganga.

Tatizo liko kwingine. Liko katika neno moja lililobebeshwa mizigo yote, nalo ni kifua. Mtu mwenye mafua yaliyoteremka husema ana kifua; mwenye pumu husema hivyo hivyo; mwenye kifua kikuu naye, kwa kuona haya, hukata sehemu ya pili ya jina na kusema ana kifua. (Tuache kwamba mwenye kifua ni pia yule ajuaye kutunza siri, na hiyo ni sifa.) Katika mtaa mmoja tuliopata kuishi alikuwako seremala ambaye vumbi la mbao lilikuwa likimbana usiku kucha. Ilikuwa pumu, wala haikuwa kitu kingine. Lakini kwa kuwa yeye mwenyewe alizoea kusema, "Kifua kimenishika," majirani walimtengea kikombe chake katika kibanda cha kahawa, wakikihofia kifua kikuu. Pumu haiambukizi. Siku alipojifunza kusema "nina pumu", tena kwa sauti, wazee wawili walikubali kukaa naye karibu. Wa tatu alihama benchi. Kikombe kiliendelea kutengwa kwa miezi kadhaa.

Jina kifua kikuu nalo lina mambo yake. Vijidudu vinavyouleta ugonjwa huo vilitangazwa na Robert Koch mjini Berlin mwezi Machi 1882, na hapa kwetu ugonjwa ulikuwa miongoni mwa yale yaliyofundishwa katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Jina ni zuri kwa masikio, ila linadanganya mara mbili. Kwanza, neno kikuu humfanya msikilizaji afikiri kwamba kuna kifua kidogo ambacho kikipuuzwa hukua, kana kwamba mafua ya juzi ndiyo yatakayokuwa kifua kikuu kesho. Sivyo, kila kimoja kina mdudu wake. Pili, ugonjwa huo hushika pia tezi, mifupa, uti wa mgongo na hata utando wa ubongo. Mzee akiambiwa kwamba mjukuu wake ana kifua kikuu cha mifupa huona daktari anamfanyia mzaha, maana kifua na mguu wapi na wapi? Hatupendekezi jina libadilishwe, kwa kuwa limekwisha kukaa vinywani. Twasema tu kwamba mwalimu alitajapo yampasa aeleze kwamba kifua ni mlango mmoja tu wa nyumba hiyo.

Neno lililo hatari zaidi, kwa maoni yetu, ni kichomi. Limetokana na kuchoma, na huyataja maumivu yale makali ya ubavuni yanayozidi mtu avutapo pumzi. Kwa mtu mzima jina hili linafaa kabisa, kwani ndivyo asikiavyo. Lakini mtoto wa miezi minane hawezi kusema kwamba anachomwa ubavuni. Mama anayekijua kichomi kwa jina lake tu atangoja dalili ambayo mtoto hawezi kuitoa, na huku ugonjwa unaendelea. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi duniani: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 1 tu wa 2019 iliwaua watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya umri wa miaka 5. Na dalili yake kubwa kwa mtoto si mchomo. Ni mwendo wa pumzi. Mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima: aliye chini ya miezi 2 asifikishe 60, wa kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka asifikishe 50, wa mwaka 1 hadi 5 asifikishe 40. Akifikisha au kuzidi, apelekwe kwa mganga bila ya kungoja kuche. Na vivyo hivyo ikiwa nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila avutapo pumzi. Hapa Kiswahili cha kawaida, "anahema mbiombio" au "mbavu zinaingia ndani", kina faida kuliko kichomi na nimonia yote mawili, kwa sababu kinataja kile ambacho jicho la mama linaona.

Sasa tuje kwenye kimeo. Kimeo ni kinyama kile kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Wako wanaokiita kilimi, yaani ulimi mdogo. Kazi yake, pamoja na kaakaa laini, ni kuziba njia ya pua wakati wa kumeza. Lakini neno hilo hilo limekuwa jina la ugonjwa: mtoto akikohoa wiki nyingi, husemwa kwamba "ana kimeo". Ukifikiri, msomaji, sote tuna kimeo! Koo likivimba kwa ugonjwa wowote, kinyama hicho nacho huvimba na kurefuka, kikaonekana. Na kinachoonekana ndicho kinachopewa lawama. Hapo huitwa fundi, na kimeo hukatwa. Watoto wametokwa na damu isiyozuilika, wengine wameingiwa na pepopunda kwa kisu kichafu, na kikohozi kikabaki pale pale, maana chanzo chake hakikuwa kooni. Hatuandiki haya kwa kuwadharau wazee wetu, ambao wameponya mengi. Twaandika kwa sababu hapa kiungo kisicho na hatia kimehukumiwa kwa jina lake.

Lipo kinyume chake jina ambalo tungependa kulivisha nishani, nalo ni kidakatonge. Wako watumiao neno hilo kwa kimeo, lakini vitabu vya shule vimeliweka kwa kile kifuniko kilicho juu ya zoloto, ambacho wakati wa kumeza huifunika njia ya hewa ili tonge lishike njia ya umio. Anayelisikia mara ya kwanza hana haja ya kufafanuliwa: ni kitu kinachodaka tonge. Jambo la ajabu ni mahali ambapo wanafunzi wetu wa sekondari hukutana nalo. Katika kipindi cha Kiswahili, wanapojifunza ala za sauti, hutajiwa mapafu, zoloto, nyuzi sauti, kidakatonge na kaakaa laini. Kengele ikilia huingia mwalimu wa biolojia, akayachora mapafu yale yale na koo lile lile, na kuvitaja vyote kwa Kiingereza. Wengi hawatambui kwamba wamefundishwa shingo moja mara mbili. Twadhani mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa biolojia wangefaa kukaa pamoja japo saa moja, na pafu la mbuzi mezani, lile ambalo kila mtoto amekwisha kuliona likielea katika sufuria kwa sababu ya hewa iliyomo.

Wala hatusemi kwamba kila neno lazima litoke shambani kwetu. Oksijeni imekuja na jina lake, nasi tumeipokea. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowalazimu watu kufunika pua na kinywa, halikuhitajika neno geni. Barakoa, ambayo zamani ilikuwa kifuniko cha uso cha mabibi wa Unguja, iliamshwa usingizini, na katika muda mfupi kila mchuuzi wa sokoni alikuwa akiiuza na kuitaja.

Maneno mengine bado yamelala. Mkamba ni mojawapo: ndilo jina la uvimbe wa mirija ya hewa iendayo mapafuni, na kamusi zetu zimelihifadhi. Mgonjwa wa mkamba huambiwa hospitalini kwamba ana bronkaitisi. Huitikia kwa adabu, hupewa dawa, hurudi nyumbani. Na mkewe amwulizapo wamemwambia ana nini, hufikiri kidogo, kisha hujibu kwamba ni kifua.