Nyumba Njema Si Mlango



Wengi wenu mmetuandikia mkiuliza: "Huko London mwakaa katika nyumba ya namna gani?" Wengine wadhani ya kuwa kila mtu wa Ulaya akaa katika jumba jipya la vioo, lenye mashine ya kumpandisha mpaka orofa ya ishirini. Sivyo. Sisi twakaa chini ya paa, katika nyumba ya kale iliyojengwa zamani za malkia Victoria, na ngazi zake twazipanda kwa miguu, vidato 58. Leo napenda kuwasimulia jinsi tulivyoipanga, maana kidogo tudanganywe na uzuri wake, na hasara ingalimpata mtoto wetu.

Nyumba za zamani za malkia

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu mwaka 1837 hata mwaka 1901. Katika miaka hiyo watu wa London waliongezeka kutoka kadiri ya milioni 2 mpaka zaidi ya milioni 6, na wote walihitaji mahali pa kulala. Hapo kwanza serikali ilitoza kodi juu ya matofali, tena juu ya madirisha. Kodi ya matofali ilifutwa mwaka 1850, na ile ya madirisha mwaka 1851. Basi mafundi wakajenga kwa wingi, wakaweka madirisha mapana. Magari ya moshi yakaleta mawe membamba ya kuezekea kutoka machimbo ya Wales. Reli ilifika Brixton, mtaa wetu ulio kusini ya mto Thames, mwaka 1862. Tangu hapo karani au mfanya biashara aliweza kushinda kazini katikati ya mji, na jioni kurudi kulala Brixton. Ndipo zilipojengwa nyumba safu kwa safu, ukuta kwa ukuta, zikifanana kama ndugu wa tumbo moja.

Kila nyumba ilijengwa kwa jamaa moja pamoja na watumishi wake. Siku hizi nyingi zimegawanywa. Katika nyumba yetu twakaa jamaa tano, kila moja na mlango wake wa ndani, lakini mlango wa nje ni mmoja na ngazi ni moja.

Siku tuliyokuja kutazama

Tulikuja siku ya Jumamosi, mwezi wa Novemba, chini ya mvua ya manyunyu. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, mama yangu mzee, na binti yetu wa miaka mitano ambaye ana pumu. Tulipofika mbele ya nyumba, mke wangu alisimama, akasema: "Baba, hii si ya watu kama sisi. Hii ni nyumba ya waziri!" Kweli ilipendeza macho. Matofali yake ni ya rangi ya udongo wa manjano uliochakaa kwa moshi. Dirisha kubwa la mbele limetokeza nje kwa pande tatu. Juu ya mlango mafundi wa kale walichora majani na matunda, na ndani ya mlango sakafu ni ya vigae vyeusi na vyeupe, kama ubao wa kuchezea dama.

Wakala alikuwa na makao mawili ya kupangisha. Ya kwanza yalikuwa chini, nusu ndani ya ardhi: vyumba viwili vipana, vimepakwa rangi nyeupe juzi tu, na vidato vinane tu vya kushuka. Ya pili yalikuwa darini: vyumba viwili vidogo vyenye dari ya kuinama, tena kodi yake ilizidi ile ya chini. Mama yangu huumwa magoti. Basi sote tulielekea kuchagua chini. Wakala naye alituharakisha, akisema wako wengine wanaongojea, na heri tulipe siku ile ile. Nilikuwa nimekwisha kutoa kalamu mfukoni.

Wakati huo mama mmoja mzee, mpangaji wa orofa ya pili, alishuka na kikapu cha sokoni. Yeye aliletwa kutoka Jamaica na wazazi wake akiwa mtoto. Alitusalimu kwa adabu, akamtazama binti yetu aliyekuwa anakohoa, kisha akaniambia polepole: "Mwanangu, kabla hujaandika jina lako, sogeza kabati lile, uweke mkono ukutani."

Nikasogeza kabati. Ukuta ulikuwa baridi na umelowa, kama mgongo wa chura. Chini ya rangi mpya yalianza kuonekana madoa meusi, na harufu ikatoka kama ya mihogo iliyosahauliwa majini. Wakala akasema ni jambo dogo, dirisha likifunguliwa litakwisha. Yule mama hakujibu neno. Alituambia tu, tulipotoka nje, ya kuwa mtoto wa wapangaji waliotutangulia alikohoa majira yote ya baridi.

Kwa nini ukuta walia machozi

Baadaye nilimwuliza fundi mmoja sababu yake, naye akanieleza vema. Kuta za nyumba hizi ni matofali matupu, hazina nafasi ya hewa katikati kama zile za nyumba zilizojengwa baadaye. Mafundi wa kale walizijenga kwa chokaa, ambayo hupokea maji kidogo na kuyaachilia tena. Katika kila chumba palikuwa na meko ya makaa ya mawe, na moto ule ulivuta hewa na kuipeleka juu kupitia dohani. Kwa namna hiyo nyumba ilipumua mchana na usiku.

Lakini moshi wa meko hizo uliwaua watu. Mwezi wa Desemba mwaka 1952 ukungu mzito uliochanganyika na moshi uliifunika London siku tano, na watu elfu kadha wa kadha wakafa. Mwaka 1956 ikatoka sheria ya kusafisha hewa, na makaa yakaanza kuachwa. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini watu wakaziba meko, wakaziba na nyufa za madirisha ili wasipoteze joto, na mahali pengine wakapaka saruji juu ya chokaa. Leo jamaa hupika, huoga, hukausha nguo mumo humo, na mvuke hauna njia ya kutokea. Ukigusa ukuta wa baridi wageuka kuwa maji, na penye maji kuvu humea. Katika vyumba vya chini unyevu wa ardhi nao huongezeka juu ya huo.

Msidhani ni jambo la kudharau. Mwaka 2020, katika mji wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili alikufa, na mwaka 2022 afisa mchunguzi wa vifo alitamka ya kuwa sababu ni kuvu iliyokuwa katika nyumba ya kupanga ya wazazi wake. Baba yake alikuwa amelalamika tangu zamani. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kupaka rangi juu ya ufa si kuuziba.

Shauri la usiku

Usiku ule hatukulala upesi. Tukichagua chini, mtoto ataugua. Tukichagua juu, mama yangu atakuwa kama mfungwa, maana vidato 58 kwa magoti yake ni mlima. Mke wangu alisema tutafute pengine, lakini pale tulipokuwa tumekaribishwa tulipaswa kutoka mwisho wa mwezi. Mimi sikujua la kusema, kwani huyu ni mama yangu na yule ni mwanangu.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, magoti haya yamepanda vilima vya Bukavu tangu utoto wangu, na mzigo wa kuni mgongoni. Yamekwisha kuzoea kuuma. Kifua cha mtoto kisizoeshwe hivyo. Twende juu." Maneno yake yakamaliza shauri.

Kabla ya kutia sahihi niliuliza habari za amana. Katika nchi hii, tangu mwaka 2007, mwenye nyumba hawezi kuipokea amana na kunyamaza. Hana budi kuiandikisha katika mpango wa ulinzi uliokubaliwa na serikali, na kumpa mpangaji habari zake. Tangu mwaka 2019, kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000, amana isizidi kodi ya majuma matano. Sheria nyingine iliyoanza mwaka huo huo yataka nyumba ya kupanga ifae kukaliwa na watu, na unyevu ni mmoja wa mambo yanayoangaliwa. Mpangaji asiyejua haya huomba kama fadhili kitu kilicho haki yake.

Waliotutangulia darini

Siku ya kuhamia tulijifunza neno jingine. Ngazi za chini ni pana, zina mkono wa mbao uliochongwa vizuri. Kila orofa unayopanda, ngazi zazidi kuwa nyembamba, na za mwisho hazina nakshi yo yote. Kabati letu lilikwama hapo, halikwenda mbele wala nyuma. Tulilishusha kwa msaada wa majirani, na hata leo limo katika chumba cha yule mama wa Jamaica, ambaye alitupa mahali pake sanduku mbili za nguo.

Kumbe ngazi zile hazikujengwa kwa ajili ya wenye nyumba. Katika nyumba za namna hii jiko lilikuwa chini, sebule na chumba cha kulia juu yake, vyumba vya bwana na bibi juu zaidi, na darini walilala wasichana wa kazi. Hesabu ya watu ya mwaka 1891 ilionyesha zaidi ya watumishi milioni moja wa kike katika Uingereza na Wales. Msichana aliamka kabla ya mapambazuko, akabeba makaa na maji ya moto kutoka chini mpaka juu, na kengele ilipolia alishuka tena. Mbele ya mlango wetu, katika njia ya miguu, bado kiko kifuniko cha chuma cha mviringo ambamo makaa yalimwagwa. Mama yangu akipanda hupumzika kwenye kidato cha 40. Siku moja nilimkuta ameketi hapo, nikamwuliza kama ameshindwa. Akajibu: "Namfikiri yule binti. Yeye alipita hapa na ndoo."

Baada ya vita ya 1914-1918 watumishi walipungua, matajiri wengi wakahama, na nyumba hizi kubwa zikaanza kupangishwa chumba kwa chumba. Mwezi wa Juni mwaka 1948 meli iitwayo Empire Windrush ilifika na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi, na wengi wakaja kukaa Brixton. Walipotafuta vyumba, waliona milangoni vibao vya kuwakataa watu weusi. Sheria ya kukataza ubaguzi huo katika mambo ya nyumba ilitoka mwaka 1968 tu. Kwa sababu hiyo walifanya kama tufanyavyo sisi katika likelemba: kila juma kila mtu alitoa sehemu yake, na jumla akapewa mmoja kwa zamu. Kwa fedha hizo wengine walinunua nyumba za kale ambazo wengine walizidharau, wakawapokea ndugu zao. Wazazi wa jirani yetu walianza katika chumba kimoja, na jiko lao lilikuwa nje ya mlango, ngazini, kwa matumizi ya jamaa tatu.

Nadhani ndiyo sababu yule mama hakuweza kupita kimya siku ile.

Maisha yetu ya sasa

Sakafu za mbao hazina siri. Binti yetu akikimbia, jirani wa chini asikia kila hatua. Jirani huyo hufanya kazi ya usiku hospitalini. Hakutugombeza. Alipanda, akabisha hodi, akatuandikia saa zake za kulala katika kikaratasi. Mke wangu alitandika busati nene, na mtoto amejifunza kutembea kwa ncha za vidole mpaka saa nane mchana. Kila asubuhi twafungua madirisha, hata penye baridi. Chungu hufunikwa kinapochemka, na nguo hazikaushwi chumbani mwa mtoto.

Pumu yake haikuondoka. Lakini majira ya baridi yaliyopita hakulazwa hospitali hata mara moja, na mwaka uliotangulia alilazwa mara tatu. Mama yangu naye hushuka mara mbili tu kwa juma, siku ya Jumatano na ya Jumapili. Siku nyingine hukaa dirishani akitazama mapaa na dohani zisizotoa moshi. Tunajua ni nani anayelipa sehemu kubwa ya kodi yetu.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kupanga nyumba, iwe Brixton, iwe Goma au Bukavu, usitazame nakshi za mlangoni wala rangi mpya. Ingia ndani, sogeza kabati, weka mkono ukutani. Tena, ukiwa wewe ndiwe mwenyeji, na wamwona mgeni ametoa kalamu, usipite kimya na kikapu chako.