Mchungwa Uliozaa Malimau

Mwezi huu twataka kunena habari ya jina la Mkristo, na jinsi mtu aliyepewa jina hilo apasavyo kukua. Hatuneni kama mtu aliyekwisha fika, bali kama mwalimu aliyefundishwa na mti wake mwenyewe, tena kwa aibu.

Jina hili hatukujipa wenyewe. Kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 11, chatuambia ya kuwa wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza katika mji wa Antiokia. Na katika Agano Jipya lote neno hilo laonekana mara tatu tu: mara mbili katika Matendo, na mara moja katika Waraka wa kwanza wa Petro. Mitume hawakulitaja sana. Walishughulika zaidi na mwendo wa wale walioitwa hivyo. Lakini sisi twalitaja sana. Twaliandika katika cheti cha ubatizo na katika daftari la shule, na tukiulizwa barazani sisi ni nani, twajibu upesi ya kuwa sisi ni Wakristo. Jibu ni jema. Lakini je, jina hilo lakua ndani yetu, au limesimama palepale lilipoandikwa?

Kwetu ni wilaya ya Muheza, katika mkoa wa Tanga, nchi ya machungwa. Wenyeji wajua kazi ya kubebesha miche, lakini kwa ajili ya wasomaji wa mahali pengine tutaieleza. Mkulima hupanda kwanza mbegu ya limau kali, kwa sababu mlimau huo una nguvu katika mizizi. Mche ukipata unene wa kalamu ya risasi, huukata kichwa, akaupasua kidogo, akachomeka humo kikonyo cha mchungwa mtamu, kisha akafunga kwa utepe wa nailoni mpaka viwili vishikane viwe mti mmoja. Basi chini ni mlimau, na juu ni mchungwa. Mti wa namna hiyo huzaa mapema kuliko ule uliotoka katika mbegu, na matunda yake ni matamu.

Lakini kazi haiishi hapo. Sehemu ile ya chini haisahau asili yake. Kila mara hutoa machipukizi, nayo ni mlimau mtupu, yenye miiba na nguvu nyingi. Mkulima asipoyaondoa, hunyonya utomvu wote, na kikonyo cha mchungwa hudhoofika, hata mwisho hufa. Wala mpita njia hawezi kujua, maana mti waonekana umestawi.

Mwaka 2018, baada ya kufariki baba yetu, tulipanda miche 12 iliyobebeshwa. Mmoja tuliupanda karibu na jiko, penye kumwagwa maji ya vyombo. Huo ulikua kuliko yote. Tuliutundikia kibao cha bati, tukaandika kwa rangi, MCHUNGWA, ili wanafunzi wetu wajifunze. Tuliona miiba, tuliona machipukizi. Lakini mti ulikuwa mzuri wa kutazama, na wageni waliusifu, basi tuliuacha.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likikua nyumbani mwetu. Baba yetu alipokuwa mgonjwa alituambia kwa kinywa chake ya kuwa kipande cha shamba kilicho kando ya kijito, chenye minazi saba, kitakuwa chetu. Mdogo wetu hakuwako siku ile. Baada ya matanga alianza kuangua nazi zile, akapanda na migomba. Tulipomwuliza, alijibu, "Kaka, wewe una mshahara. Mimi nina nini?" Tulijibu kwa maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Tangu siku hiyo, miaka miwili hatukukaa pamoja kula. Tukikutana njiani tuliamkiana kama watu wa soko. Na kila Jumamosi alasiri tulisimama mbele ya darasa la ubatizo, tukawafundisha watu habari ya mtu mpya.

Hata mwaka 2022 tukaamua kumshitaki. Karatasi ya mashtaka ilikuwa imekwisha andikwa, kwa mwandiko wetu mzuri wa kialimu, nayo ilikuwa sandukuni, ikingoja Jumatatu.

Siku ya Jumamosi, mtoto wa mdogo wetu, binti wa miaka minane, alikuja kwetu kucheza. Watoto hawajui mipaka ya mashamba. Mti wa jikoni ulikuwa umezaa kwa mara ya kwanza, akaomba tunda, tukampa ruhusa. Akalimenya, akauma, akakunja uso. Kisha akasema, "Baba mkubwa, mbona machungwa yako ni malimau?"

Tulicheka, tukaonja. Yalikuwa malimau. Tukaenda mtini, tukainama, tukapekua chini ya majani. Shubiri moja kutoka ardhini tuliona kovu la kubebeshea, na juu yake kikonyo cha mchungwa kilikuwa kimekauka, hakikupita unene wa kidole, kimezungukwa na matawi ya mlimau pande zote. Na juu ya mti kile kibao cha bati kilikuwa kikining'inia, kikisema MCHUNGWA.

Ndugu wasomaji, hatukuhitaji mhubiri siku ile. Tulijiona sisi wenyewe tumesimama pale, tumestawi, tumesifiwa na wageni, na kibao shingoni.

Usiku ule tulifungua Waraka wa kwanza kwa Wakorintho. Mlango wa 6 tulikuwa tukiujua, lakini hatukupata kuusoma tukiwa na mashtaka sandukuni. Wakristo wa Korintho walikuwa wakishtakiana, ndugu kwa ndugu, mbele ya mahakimu wasioamini, na Mtume awauliza kwa nini wasikubali afadhali kudhulumiwa. Ndipo tukarudi nyuma hata mwanzo wa waraka, tukaona jambo lililotushangaza zaidi. Watu hawa hawa, wenye magomvi na mafarakano, Paulo amekwisha kuwaita watakatifu katika salamu zake, kabla hajawakemea hata neno moja. Hakuwaambia waache magomvi ili wapate kuwa watu wa Kristo. Aliwaambia kwanza ya kuwa wao ni wa Kristo, kisha akawaonyesha ya kuwa magomvi yao hayapatani na jambo hilo. Mchungwa haujitahidi kuzaa machungwa ili upate kuwa mchungwa. Ni mchungwa kwanza. Kwa hiyo huzaa.

Asubuhi, baada ya ibada, tulimwendea mzee mmoja katekista, tukamweleza habari ya mti na ya mdogo wetu. Tulimwambia ya kuwa tumepata fundisho, nalo ni kukata machipukizi. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "umesoma vema, lakini hujamaliza. Tazama Warumi mlango wa 11. Paulo anena juu ya kupandikiza mzeituni, lakini apandikiza kinyume cha desturi ya wakulima. Ninyi huchukua kikonyo kitamu, mkakitia katika mzizi mkali. Yeye asema tawi la mwituni limetiwa katika mzizi mwema. Basi wewe si kikonyo kitamu kilichopata bahati mbaya ya kukaa juu ya mlimau. Wewe ndiwe tawi la mwituni, na utamu wote watoka chini. Kata machipukizi, ndiyo, lakini usidhani kisu ndicho kilishacho mti."

Maneno hayo yalitunyamazisha. Tulikuwa tumekwisha kujivunia toba yetu kabla ya kuitenda.

Siku ya Jumatatu hatukwenda kushitaki. Tulikwenda kwa mdogo wetu alfajiri, kabla hajatoka shambani. Tulimwambia, "Ndugu yangu, minazi ile ichukue. Baba alisema ni yangu, nami sikusema uongo. Lakini maneno niliyokuambia siku ile yalikuwa ya mtu asiyemjua Mungu. Nisamehe." Alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Nimesikia, kaka." Hayo tu. Hatukukumbatiana, wala hakuna aliyelia. Tulirudi nyumbani, tukavaa, tukaenda shuleni tukafundisha hesabu.

Twawaambia kweli: minazi saba ile iko mikononi mwake hata leo, na tupitapo na kuona nazi zikianguliwa, moyo huchipua tena. Miiba yake twaijua sasa. Zamani tulidhani chipukizi moja likikatwa basi limekwisha. Lakini kila mkulima wa Muheza ajua ya kuwa kazi hiyo ni ya kila msimu. Tofauti ni kwamba sasa tukiona limechipua hatusemi, "Kumbe sisi si Wakristo," wala hatusemi, "Huo ndio ustawi." Twasema, "Hili si letu tena," tukalikata lingali changa, tukaomba nguvu katika mzizi.

Mti ule wa jikoni tuliung'oa. Kwa ile iliyosalia, mvua za masika zilipokwisha, tuliamka asubuhi moja tukasikia sauti ya panga nyuma ya nyumba. Alikuwa mdogo wetu, ameinama chini ya mchungwa wa tatu, akiondoa machipukizi. Hakusema neno. Nasi tulichukua panga letu, tukaanza upande wa pili. Adhuhuri mke wetu akatuletea ugali, tukala sahani moja.

Basi, ndugu, kila mmoja wetu anacho kibao chake. Tusikitupe, maana jina hilo ni la heshima, nasi tumelipewa kwa neema. Lakini mara kwa mara na tuiname, tupekue chini ya majani, tutazame ni nini kinachokua. Na kama hatuoni vema, tumwite mtoto aonje tunda.