Kutoka Tabora Hadi Mwanza na Dawa Mapajani

Ndugu msomaji, je, umepata kusafiri na mtu mwenye ugonjwa wa kisukari? Mimi, karani wa parokia, ni mmoja wao, na mwaka huu ni wa tisa tangu nianze kujidunga insulini kila siku. Sikiliza basi habari za safari yangu ya Mwanza, huenda zikakufaa wewe au mwanao.

Tuliondoka Tabora alfajiri kwa basi. Mimi nilikuwa naenda kliniki, na mwenzangu alikuwa mgeni wa parokia kutoka Ujerumani, mwalimu mstaafu ajuaye Kiswahili kidogo, mgonjwa kama mimi. Nyumbani dawa yangu hukaa katika chungu kidogo kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, na katikati pana mchanga ninaoulowesha maji asubuhi na jioni. Njiani naiweka katika mfuko wa nailoni na kuizungushia kitambaa kibichi.

Mwenzangu alikuwa na pampu, chombo kidogo cha kutosha kiganjani, mkandani mwake. Ndani yake mna insulini, nayo hupita katika mpira mwembamba hadi chini ya ngozi ya tumbo, kidogo kidogo, mchana na usiku. Akitaka kula, hubonyeza kitufe apate nyongeza.

Nikamwuliza, "Basi, Mwalimu, wewe umekwisha pona?"

Akacheka. "La, Bwana Karani. Bado napima damu, bado nahesabu chakula."

Nzega tulikula wali na maharage. Tulipofika Tinde, penye njia panda ya Kahama na Shinyanga, Mwalimu aliinuka ajinyoshe. Mpira ukanasa kwenye kiti, na kile kijisindano kikachomoka tumboni.

"Wa akiba uko wapi?" nikauliza.

Uso ukambadilika. Mipira ya akiba na sindano zake zilikuwa katika sanduku, na sanduku lilikuwa kwenye buti, chini ya magunia ya mchele. Mkobani alikuwa na chupa ya dawa tu.

Hapo ndipo penye hatari, msomaji. Insulini ya pampu hufanya kazi upesi na huisha upesi. Mimi ninayejidunga nina dawa nyingine ya polepole mwilini, lakini mtu wa pampu hana akiba hiyo. Ikikatika kwa saa chache tu, sukari hupanda, sumu huanza kukusanyika katika damu, mtu hutapika, na asipotibiwa aweza kufa.

Nilikuwa na sindano mpya, hazijafunguliwa, zenye alama zilizolingana na nguvu ya dawa yake: uniti 100 kwa mililita moja. Nikampa moja. Akapima damu, akavuta dawa yake mwenyewe, akajidunga palepale kitini. Shinyanga kondakta alikubali kushusha magunia, sanduku likatoka, na mpira mpya ukafungwa. Jioni tuliyaona mawe makubwa ya Mwanza, wote wawili wazima.

Basi shika haya. Dawa ya kisukari isiwekwe kwenye buti wala juani, wala isigusane na barafu, maana iliyoganda haifai tena. Mwenye pampu asiache sindano za kawaida. Mfukoni muwe na sukari: mgonjwa akitetemeka na kutoka jasho, apewe vijiko vitatu vidogo katika maji, apumzike dakika 15, kisha apime tena. Na jirani yako kitini aambiwe mapema, kwani wengi humdhania mtu wa namna hiyo kuwa amelewa.

Siku ya kurudi Mwalimu alipakata mkoba wake toka Mwanza hadi Tabora. Sanduku lilikwenda kwenye buti na nguo tu. Nguo zikipotea, zitanunuliwa nyingine.

Safari njema.