Kupima Umeme wa Nyumbani: Zana Iliyo Karibu

Walimu wengi wa Hisabati na Sayansi hulalamika kwamba zana za kufundishia hazitoshi. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, zipo zana ambazo mwanafunzi huziacha nyumbani kila asubuhi, na mojawapo ni umeme wa jua.

Nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika kata ya Shishiyu, mkoani Simiyu, nilimkuta mwanachuo akifundisha kuzidisha kwa daftari la matumizi ya umeme. Wanafunzi waliorodhesha vyombo vya nyumbani, wati zilizoandikwa juu ya kila chombo, na saa kilizotumika. Wati zikizidishwa kwa saa hupatikana wati-saa. Na wati-saa 1,000 ndizo uniti moja ya mita.

Mtoto mmoja alieleza kwamba amekatazwa kusoma usiku kwa kuwa taa humaliza betri. Mwanachuo hakumlaumu mzazi, bali aliandika hesabu ubaoni. Taa ya wati 5 kwa saa 2 hutumia wati-saa 10. Televisheni ya wati 40 kwa saa 5 hutumia 200, yaani sawa na jioni 20 za kusoma. Daftari lilipelekwa nyumbani. Baadaye mwanachuo alinieleza kwamba baba ameridhia televisheni izimwe saa moja mapema, na mtoto asome.

Somo hili lina uzito zaidi penye gridi ndogo, kama kisiwani Ukara katika Ziwa Victoria, ambako mtambo wa jua wenye betri na jenereta ya dizeli ulianza kazi mwaka 2016. Katika mitambo ya namna hiyo, betri ni za wote, na jioni nyumba nyingi huwasha kwa pamoja. Mita huonyesha jumla ya matumizi. Haitaji chombo kilichotumia. Hapo ndipo daftari linapohitajika.

Mwalimu azingatie mambo matatu. Watoto wasifungue vyombo wala kugusa nyaya. Wati zilizoandikwa zichukuliwe kuwa makadirio, kwani vyombo vingine hutumia pungufu. Tena, wasio na umeme kwao wafanye kazi katika vikundi, na mali ya nyumba yoyote isitangazwe darasani.

Walimu wenzangu, hesabu ya namna hii humfikia mzazi ikiwa mikononi mwa mwanawe. Tuijaribu.