Kwa Nini Nilichagua Uhasibu

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1996 katika mchepuo wa ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, nikiwa nimeshaamua kwamba kazi yangu itakuwa ya biashara. Lililobaki lilikuwa nisome nini, na wapi. Kaka na dada zetu walijua njia yao: unasoma, unaingia shirika la umma, unastaafu humo. Sisi tulikuta mashirika yanabinafsishwa moja baada ya jingine. Hata Benki ya Taifa ya Biashara, iliyozaliwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha na ambayo wazazi wengi waliwaombea watoto wao wakaajiriwe, iligawanywa mwaka 1997, na NMB ikatoka humo.

Ushauri haukukosekana. Baba, aliyekuwa karani wa chama cha msingi, alitaka niende Chuo cha Ushirika Moshi. Rafiki zangu walikuwa wakisema Mlimani tu, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na shahada. Wengine walisifu CBE, iliyokuwapo tangu 1965, na wengine IFM pale Mtaa wa Shaaban Robert, kwa ajili ya benki na bima. Wote walizungumzia vyuo. Hakuna aliyeniuliza nataka kujua kufanya nini.

Jibu la swali hilo nililipata Kariakoo. Wakati nasubiri matokeo nilikaa Dar es Salaam kwa mjomba, aliyekuwa na duka la jumla la khanga. Mjomba aliijua bidhaa yake: angegusa kitambaa akakwambia kitachuja au hakitachuja. Hesabu zake aliziweka katika kaunta buku lenye jalada gumu. Kila jioni aliandika korja zilizotoka, za taslimu na za mali kauli katika safu moja, akajumlisha chini na kuyaita mauzo ya siku. Ujira wa vibarua, nauli na ada za watoto vilitoka katika droo ileile bila kuandikwa popote.

Jioni moja nikamwuliza, "Mjomba, katika hizi, zipi zimeingia mkononi?"

"Zote zitaingia, mwanangu. Hawa ni wateja wangu wa siku zote."

Nikamwomba ruhusa, nikachukua karatasi. Upande mmoja nikaandika fedha iliyopo, na wadaiwa mmoja mmoja kwa majina. Tukahesabu mzigo rafuni, korja kwa korja. Upande wa pili nikaandika anachodaiwa yeye. Ikaonekana wazi kwamba sehemu kubwa ya mtaji wake ilikuwa mikononi mwa watu, huku yeye akikopa ili alete mzigo mpya. Aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kasomee hiki."

Nilichagua stashahada ya juu ya uhasibu katika Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe, mkoani Morogoro, ambacho mwaka 2001 kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu Mzumbe. Jina la chuo halikunivuta. Nilichotazama ni mlango uliokuwa mbele yake: mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Niliona mapema kwamba cheti cha chuo kingenipa kazi ya kwanza, lakini CPA, sifa ya bodi hiyo, ndiyo ingenipa sauti.

Mzumbe ilinifunza subira ya kazi hii. Urari ukikataa kulingana, hulali. Mwalimu wetu alitupa mbinu ninayoitumia hadi leo: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, tafuta kwanza tarakimu zilizopinduliwa, labda 54 iliyoandikwa 45. Katika mbinu ndogo kama hizo nilijifunza kwamba kosa la hesabu lina mahali pake, na ukilifuata kwa utaratibu utalikuta.

Nilipoingia kazini, nikianzia kwenye ofisi ya ukaguzi, Kodi ya Ongezeko la Thamani ilikuwa imeshaanza, Julai 1998, kwa asilimia 20. Wafanyabiashara ambao miaka yote walitunza hesabu kichwani sasa walitakiwa kuweka kumbukumbu za mauzo na manunuzi na kupeleka ritani TRA kila mwezi. Walitafuta watu wa kuwasaidia, na sisi tulikuwapo. Baadaye nilihamia kiwandani, nikapata CPA, nikafika kwenye meza ambako bei hupangwa na mikopo huombwa. Pale nilikutana na watu hodari wa masoko na wa rasilimali watu, nami nimejifunza mengi kwao. Lakini ilipofika saa ya kuamua kama kiwanda kinunue mashine mpya au kisubiri, macho yote yaligeukia kwa aliyeweza kusema fedha itatoka wapi na itarudi lini.

Leo vyuo ni vingi, na vijana wengi huchagua kozi kwa jina lake zuri. Kijana, kabla hujajaza fomu, hakikisha chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na TCU, au na NACTVET ikiwa si chuo kikuu. Uliza kama kozi hiyo itakusamehe baadhi ya mitihani ya bodi ya taaluma, na wanafunzi wanakwenda fildi wapi. Piga hesabu ya ada na chakula pamoja na mkopo wa HESLB utakaotakiwa kuurudisha. Mzazi, usimsukume mtoto Mlimani ili upate la kusema msibani na harusini.

Na kama moyo wako uko kwenye biashara lakini hujui uanzie wapi, anza na uhasibu. Masoko, uongozi na mauzo utajifunza juu yake, kazini na kwa watu. Asiyeweza kusoma hesabu za biashara yake atasomewa na mwingine, naye hatakuwa na njia ya kujua kama amesomewa kweli.